Beki wetu ametimiza miaka 34: tumpe mkataba au tumshukuru?

Jumapili ya mwisho wa msimu, mechi ilipokwisha katika Uwanja wa Nyamagana hapa Mwanza, nilimkuta beki wetu wa kati ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya benchi, suruali ya mazoezi ameikunja hadi pajani na goti la kulia limezungushiwa mfuko wa barafu. Barafu hiyo hutoka Mwaloni, Kirumba, kwa watu wa samaki. Kijana wetu wa vifaa huinunua asubuhi ya kila mechi, huipondaponda kwa nyundo, huifunga katika kiroba na kuifunika kwa gunia, na hadi dakika ya 90 inapofika nusu yake imekwisha kuwa maji. Kiroba kilikuwa bado kinanuka sangara. Yeye alikuwa akilibonyeza goti kwa kidole gumba, juu ya pia ya goti, kisha chini yake, kisha pembeni kwa ndani, bila haraka, kama mtu anayekagua kitu ambacho si chake.

Siku nne baadaye kamati ya usajili ilinikabidhi kazi ya kuandika tathmini yake. Sisi ni timu ya ligi ya mkoa, tunaendeshwa kwa michango ya wenye mitumbwi, wauza dagaa na wafanyakazi wachache kama mimi tunaotoa kidogo kila mwezi. Hatuna daktari, hatuna mchambuzi wa video, wala hatuna fedha za kukosea mara mbili. Swali lilikuwa moja: nahodha wetu, ambaye ametimiza miaka 34, tumsajili tena kwa msimu mmoja, au tumshukuru mbele ya mashabiki na kumkabidhi jezi yake? Niliomba muda, kwa kuwa kikao cha kwanza kilinionyesha kwamba karibu sote tulikuwa tunampima kwa mizani isiyofaa.

Mzee mmoja mwenye mitumbwi mitatu alisema kwamba huyu ndiye aliyetupandisha daraja na kwamba heshima yake haina budi kulipwa. Namheshimu mzee huyo, na nakubali kwamba deni lipo. Lakini mkataba wa mchezaji hununua mechi zijazo. Zile zilizopita tulikwisha kuzicheza, na tukilipa deni la heshima kwa kumweka uwanjani mahali ambapo goti lake haliwezi kumbeba, tutakuwa tumemlipa kwa kumwaibisha. Upande wa pili wa meza walitaja umri tu: miaka 34, goti limepasuliwa, tunasubiri nini? Hesabu hiyo huonekana kuwa ya watu makini, lakini haisimami hata ukiipeleka kwenye klabu zenye fedha za kuajiri kila aina ya mtaalamu.

Mwezi Agosti 2020 Thiago Silva aliachana na Paris Saint-Germain akaenda Chelsea akiwa mchezaji huru, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka 36. Alikaa huko misimu minne, na Mei 2021 alikuwa katika kikosi kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka mmoja baada ya kumwacha aende, klabu ile ile ya Paris ilimchukua Sergio Ramos, naye akiwa huru, naye beki wa kati, naye nahodha aliyezoea makombe, akiwa na miaka 35. Misuli ya kigimbi ikamsumbua. Hakucheza mechi yake ya kwanza hadi mwishoni mwa Novemba, na msimu mzima alifikisha mechi 13. Msimu wa pili mwili ulimtulia akacheza mara kwa mara, jambo ambalo nalo lingewashangaza waliokuwa wamekwisha kumzika. Tofauti ya umri wao walipohama haikufika hata mwaka. Kama umri ndio bei, watu hawa wawili wangepaswa kuwa na bei moja.

Aliyenisaidia kulipanga jambo hili kichwani ni fundi wa mashine za boti anayefanya kazi ufukweni, karibu na ninapopita kila jioni. Mtu akimletea mashine iliyotumika ili aikadirie, swali la mwaka iliyotengenezwa huwa la mwisho. Kwanza huuliza imefunguliwa mara ngapi na kilichobadilishwa ni nini. Kisha huuliza itaenda kufanya kazi gani, kwa maana mashine isiyofaa tena kuvuta mzigo hadi Ukerewe penye mawimbi inaweza kufanya kazi miaka mingi katika safari fupi za ndani ya ghuba, na mwenye kuinunua kwa kazi hiyo hajapunjwa. Niliondoka na maswali hayo mawili, na ndiyo yaliyoongoza kurasa zangu.

La kwanza, basi: kilichofunguliwa ni nini?

Beki wetu ana majeraha matatu makubwa katika historia yake. Miaka sita iliyopita alikata kano la mbele la goti, lile ambalo watangazaji wa michezo hulitaja kwa herufi tatu na kila mchezaji akalijua kwa hofu. Baadaye goti lile lile lilifunguliwa tena, ikaondolewa sehemu ya menisikasi, yaani moja ya vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na muundi ili mifupa isisagane. Na msimu uliopita misuli ya nyuma ya paja ilimchanika mara mbili, mguu ule ule.

Watu wengi katika kamati waliyaweka yote matatu katika kapu moja wakaliita "goti". Hapo ndipo makosa huanza. Kano lililokatika hutengenezwa upya kwa kipande cha kano kingine cha mwili, na mchezaji akipewa muda wa kutosha anaweza kurudi akiwa karibu na alivyokuwa: Virgil van Dijk aliumia hivyo mwezi Oktoba 2020 katika mechi dhidi ya Everton, akakosa msimu wote uliobaki, na msimu uliofuata alikuwa nguzo ya Liverpool iliyochukua makombe mawili ya Uingereza na kufika fainali ya Ulaya. Lakini Van Dijk alisubiriwa. Madaktari wengi wa michezo hushauri kusubiri kusipungue miezi 9, na beki wetu, akiwa katika timu nyingine ambayo sitaitaja, alirudishwa uwanjani katika mwezi wa tano tu wa kusubiri kwa sababu timu ilikuwa inapigania kutoshuka na posho ililipwa kwa mechi tu. Naamini, ingawa sina cheti cha kuamini hivyo, kwamba gegedu lake lililiwa katika miezi ile.

Misuli iliyochanika hupona, ila huacha kovu, na mchezaji aliyewahi kuchanika msuli wa paja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena kuliko ambaye hajawahi. Gegedu lina tabia nyingine kabisa. Sehemu kubwa ya menisikasi haifikiwi na damu, kwa hiyo kilichoondolewa hakirudi, na kilichobaki hutumika kama sabuni. Ledley King wa Tottenham alicheza miaka yake ya mwisho kwa goti ambalo karibu halikuwa na gegedu. Hakufanya mazoezi na wenzake katikati ya wiki, alitunzwa kwa ajili ya mechi tu, na siku aliyoshuka uwanjani alikuwa bado mmoja wa mabeki bora wa nchi yake. Mwaka 2012, akiwa na miaka 31, goti likasema basi. Paul McGrath, ambaye Manchester United walimwacha mwaka 1989 kwa sababu ya magoti na mengineyo, alikwenda Aston Villa, akapewa utaratibu wa mazoezi wa peke yake, na mwaka 1993 wachezaji wenzake wa Uingereza walimchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka. Msuli humuuliza kocha atampumzisha mchezaji wiki ngapi. Gegedu humuuliza amebakiwa na mechi ngapi, na atazitumia wapi.

Nilitaka kujua gegedu la nahodha wetu limefikia wapi, na kwa kuwa hatukuwa na fedha za kipimo kikubwa, nilikwenda kumwona nyumbani kwake, juu kwenye miamba ya Igogo, ambako njia ya mwisho ni ngazi za mawe. Kupanda alipanda bila shida, akizungumza. Kushuka ndiko kulikonieleza. Alishuka kwa ubavu, mguu wa kushoto ukitangulia kila jiwe, kiganja kimeegemea mwamba, na alipoona namtazama akanyooka akashuka ngazi tatu kama kijana, kisha akarudi kwenye ubavu. Goti hubeba mzigo mzito zaidi linapokunjwa katika kushuka kuliko katika kupanda, na mtu anayeishi mlimani hawezi kulificha hilo kila siku.

Swali la pili la fundi, kazi yenyewe, lilinichukua muda mrefu zaidi, na ndilo ninaloona watu wa mpira tunalipita haraka mno.

Nilimtazama katika mechi tano za mwisho nikiwa na daftari, nikibadilisha upande wa kukaa. Jambo la kwanza nililoandika ni kwamba hageuki kulia. Mshambuliaji akimpita upande wake wa kulia, ambapo angepaswa kusimamia mguu wa kulia na kuzunguka juu yake, yeye huzunguka kupitia bega la kushoto, mduara mzima, na katika mduara huo hupoteza hatua moja au moja na nusu. La pili ni kwamba haruki tena kwa mguu mmoja. Zamani alikuwa akiikimbilia krosi na kupaa kwa mguu wa kulia. Sasa hupaa kwa miguu yote miwili kutoka aliposimama, kwa hiyo analazimika kufika mahali mpira utakapoangukia kabla ya mwingine yeyote. Na kwa kawaida hufika. Hilo la tatu lilinifurahisha kuliko yote: katika mechi tano nilihesabu mipira mitatu tu ya juu ambayo alichelewa kuisoma.

Sasa chukueni mechi mbili, moja baada ya nyingine, mtu yule yule, goti lile lile.

Sengerema tulifungwa bao ambalo uwanja mzima ulimlaumu yeye. Winga wao, kijana mwepesi sana, alimpita kama mtu anayepita mti, na sauti za "mzee kachoka" zilisikika hadi kwenye benchi. Mimi nilikuwa nimeandika kilichotangulia. Namba nane wetu alipoteza mpira katikati ya uwanja. Namba mbili, beki wa kulia, alikuwa amepanda hadi karibu na kibendera cha kona cha wapinzani. Namba sita, kiungo anayepaswa kuwakinga mabeki, alikuwa mbele ya mpira badala ya nyuma yake. Na safu yetu ya ulinzi, kwa agizo la mwalimu aliyetaka kuwabana wapinzani, ilikuwa imesimama hatua chache tu kutoka mstari wa kati. Mechi ilipokwisha nilishuka uwanjani nikatembea kutoka mahali alipokuwa amesimama hadi kwenye mstari wa 18, yaani ukingo wa eneo la penalti. Zilikuwa hatua zangu 36. Beki wa miaka 24 mwenye magoti mazima angekuwa na kazi ngumu katika hatua hizo 36 dhidi ya kijana yule. Kwa aliye na miaka 34 kazi hiyo haipo kabisa. Nayo haikuwepo kabla mpira haujapigwa.

Wiki iliyofuata, dhidi ya timu ya Misungwi, mwalimu aliirudisha safu nyuma, visigino karibu na mstari wa 18, na kumwamuru namba sita asivuke mstari wa kati. Kutoka mstari ule hadi golini ni kama mita 16 na nusu, na sehemu ya mita hizo ni ya golikipa. Wapinzani walipiga krosi, wakapiga tena, wakapiga kona nisizozihesabu, na yeye alikuwa chini ya kila mpira. Kwa dakika zote 90 hakuna mtu aliyemfanya ageuke. Mashabiki walewale walimbeba.

Ndipo nilipoamini jambo ambalo kurasa zangu zote zililizunguka: thamani ya beki mkongwe husomwa kwenye mita zilizo nyuma yake. Mita hizo hazipangwi na goti lake, zinapangwa na mwalimu, na namba sita, na beki wa pembeni anayeamua kupanda au kubaki. Kwa hiyo mtu anayemtathmini mkongwe bila kuitathmini timu atakayochezea anaandika nusu ya tathmini. Thiago Silva mwenyewe ni ushahidi kwa pande zote mbili. Thomas Tuchel alipofika Chelsea Januari 2021 alimweka katikati ya mabeki watatu, wenzake wawili wakimzibia mbavu, na kutoka pale alisoma mchezo kama mtu aliyekaa roshani. Lakini aliporudi kutoka kwenye jeraha la paja mwezi Aprili mwaka huo dhidi ya West Brom, alionyeshwa kadi nyekundu kabla nusu saa haijatimia, na timu yake ikafungwa mabao matano. Hata katika fainali ya Mei alitoka kipindi cha kwanza akiwa ameumia. Anayemchukua mkongwe lazima awe na wa kuingia nafasi yake, tena awe naye kila wiki.

Hapa nyumbani tumeyaona haya pia, ingawa hatuyaandiki sana. Simba iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19 ilikuwa na Pascal Wawa katikati ya ulinzi, mtu aliyekwisha kuvuka miaka 30, na nilichokipenda kwake ni jinsi alivyoepuka mbio kwa kufika mapema. Erasto Nyoni alianza akiwa beki wa pembeni, na miaka iliposonga akasogezwa katikati ya ulinzi na kwenye namba sita, mahali ambapo macho hufanya kazi zaidi ya mapafu. Wapo katika kamati waliopendekeza tufanye hivyo kwa nahodha wetu, tumpeleke namba sita. Nilipinga. Namba sita hupokea mpira akiwa ametoa mgongo na lazima ageuke pande zote mbili, mara nyingi kuliko beki wa kati; tungekuwa tunalitafuta goti lake pale lilipo dhaifu.

Kuna ujuzi mwingine ambao hauonekani kirahisi, nao ni kujua lini umeshindwa mbio kabla hazijaanza. Katika fainali ya mataifa ya Ulaya ya Julai 2021 kule Wembley, Giorgio Chiellini wa Italia, mwenye miaka 36 na ambaye miaka miwili kabla alikuwa amekata kano la goti, aliona Bukayo Saka wa Uingereza anamponyoka kwenye mstari wa pembeni dakika za nyongeza za kipindi cha pili. Alimshika kola akamvuta, akapewa kadi ya njano, na hatari ikaishia hapo. Sikisifu kitendo chenyewe, kwa maana kilikuwa faulo ya wazi. Nasema tu kwamba alijua bei ya kadi na bei ya bao, na akalipa iliyo nafuu. Nahodha wetu alifanya jambo la aina hiyo dhidi ya timu ya Magu, mita 50 kutoka golini kwetu, akamwinua kijana aliyemwangusha, akampa mkono, akaichukua kadi yake bila neno. Baada ya hapo hakugusa mtu hadi mwisho.

Na kuna sauti yake. Namba tano wetu, beki wa kati mwenzake, ana miaka 20, ana mwili na kasi, lakini bado hulitazama lile linalotokea badala ya lile litakalotokea. Nikiwa nimekaa karibu na mstari nilimsikia nahodha akizungumza naye mechi nzima, kwa maneno mafupi: "Toka. Toka. Baki. Mwache huyo, ana mtu. Hatua mbili ndani." Katika mechi mbili alizokosa kwa sababu ya paja, safu yetu haikuwa safu, mmoja alikuwa anatoka kutega kuotea huku mwingine anarudi. Ningependa kuweka bei kwenye sauti ile lakini sijui namna ya kuipima, na nimejizuia kuitia chumvi kwa sababu sauti inaweza kulipwa pia kutoka kwenye benchi. Nadir Haroub, aliyejulikana kama Cannavaro, alipomaliza kucheza alibaki Yanga kama meneja wa timu. Anayehitajiwa kwa sauti peke yake hastahili kusajiliwa kama beki. Anastahili kuajiriwa kwa kazi hiyo, kwa jina la kazi hiyo.

Hoja iliyonipa shida kweli ilikuwa ya mama mmoja wa kamati, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye kijana wake hachezi kwetu wala popote, kwa hiyo hakuwa na la kupigania. Aliuliza: "Yule kijana wa miaka 19 tuliyemtoa kwenye shule ya vipaji atajifunza lini, kama kila Jumamosi anamwangalia kaka yake?" Hakuna aliyemjibu siku ile, na mimi nilikaa na swali lake wiki nzima. Beki hujifunza kwa kukosea, na makosa yake huonekana kwenye ubao wa matokeo, tofauti na ya mshambuliaji. Timu ikimficha kijana nyuma ya mkongwe hadi mkongwe aanguke, siku hiyo itakuwa na mkongwe aliyeumia na kijana wa miaka 21 ambaye ni mgeni wa mechi. Nilichojibu katika maandishi ni kwamba goti lenyewe limetupa jawabu: mtu ambaye hawezi kucheza kila wiki ameacha wiki tupu, na wiki hizo si za dharura, ni za kijana, zipangwe kwa majina kuanzia sasa.

Basi nilipendekeza tumsajili, msimu mmoja, kwa masharti ambayo nayaeleza kwa sababu ndiyo tathmini yenyewe. Asicheze mechi mbili ndani ya siku nne. Asicheze kabisa kwenye viwanja vya udongo mkavu, ambavyo katika kiangazi huwa vigumu kama barabara. Mazoezi yake yawe mara mbili kwa wiki, na siku nyingine aogelee au aende kwenye baiskeli. Mwalimu akikusudia kucheza na safu ya juu, ampange kijana, hata kama mechi ni kubwa. Kwa hesabu yangu hilo linatupa karibu nusu ya mechi za msimu, na nusu hiyo iwe ile tunayojua tutashambuliwa. Vincent Kompany, ambaye misuli ya kigimbi ilimwandama miaka mingi, alicheza mechi 17 kati ya 38 za ligi katika msimu wake wa mwisho Manchester City. Tarehe 6 Mei 2019 shuti lake la mbali liliwapa ushindi wa 1-0 dhidi ya Leicester, na City wakawa mabingwa kwa pointi 98 dhidi ya 97 za Liverpool. Bao lile ni la bahati, na sitaki kamati imsajili mtu kwa kungojea bahati. Zile mechi 17 ndizo ninazozitazama: hazikuwa nyingi, lakini mwisho wa msimu mtu alikuwepo.

Kuhusu fedha niligombana na wenzangu kidogo. Wao walitaka alipwe kwa mechi tu: akicheza apate, asipocheza asipate. Inaonekana ni haki kwa timu maskini. Lakini mtu mwenye goti bovu na watoto watatu, ukimlipa kwa mechi tu, umemlipa afiche maumivu, na yeye alikwisha kuyaficha mara moja, katika mwezi ule wa tano. Nilipendekeza apate kiasi kidogo kila mwezi, kwa mazoezi na kwa kuwafundisha mabeki vijana, na fedha tunazookoa ziende kwenye matibabu na barafu safi ya dukani.

Kabla ya kikao nilirudi Igogo nikamsomea kurasa zote nne, kwa kuwa sikuona vyema mtu apimwe asijue amepimwa vipi. Alisikiliza akiwa ameunyoosha mguu juu ya kigoda. Nilipofika kwenye bega la kushoto alicheka kidogo, akakaa kimya, kisha akasema: "Ni kweli, kaka, kulia sigeuki. Lakini andika na hili: namba tano akisimama hatua mbili ndani, sina haja ya kugeuka. Nimekuwa nikimwambia mwaka mzima." Nilitazama daftari langu. Maneno "hatua mbili ndani" yalikuwemo, nimeyaandika mara sita, na sikuwa nimeyaunganisha na goti lake hata mara moja. Niliiongeza sentensi hiyo pale pale, kwa kalamu, pembeni ya ukurasa wa tatu. Lililomuuma ni viwanja vya udongo. Alisema amekulia kwenye udongo na hapendi vijana waseme nahodha anachagua nyasi. Tulibishana hadi giza likaingia ziwani, na sharti likabaki.

Kamati ilipitisha kwa kura tano dhidi ya tatu. Mechi ya kwanza ya msimu ni ugenini Magu, kwenye uwanja wa udongo, na ya pili ni siku tatu baadaye, Nyamagana. Magu hatacheza. Atakaa benchi karibu na mwalimu, na namba tano ataanza pamoja na yule kijana wa miaka 19.